Kinanda kidogo au ala za kompyuta: namna ya kuchagua kwa studio na jukwaa ukiwa Kigoma

Swali hili huletwa studioni kwangu Mwanga na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mpiga kinanda wa kwaya ambaye kamati imemtengea fedha na kumpa wiki mbili aamue. Wa pili ni kijana anayetengeneza biti chumbani kwake Gungu au Katubuka, ambaye kompyuta anayo tayari na anajiuliza kama kinanda halisi kitampandisha daraja. Wote wawili huanza kwa kuuliza kipi kina sauti nzuri zaidi, nami huwaomba waliweke swali hilo kando kwa muda, kwa sababu tofauti ya sauti kati ya kinanda kidogo cha leo na ala nzuri ya kompyuta ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na umeme, kompyuta iliyochoka na spika za ukumbini. Linalostahili kuulizwa kwanza ni kitu gani kitaharibika, kitaharibika wakati gani, na nani atakuwa karibu wa kukitengeneza.

Kwa kusema "kinanda kidogo" nakusudia kile chenye sauti zake ndani, kinachobebeka kwa mkono mmoja na kisichohitaji kompyuta ili kilie. Kundi hili lina vinanda vya aina ya sinthesaiza, yaani vinavyounda sauti kwa umeme na kukuruhusu uzigeuze kwa vidhibiti, kama Korg microKORG iliyotoka mwaka 2002 na mfululizo wa Yamaha Reface wa mwaka 2015, vyenye vitufe 37 vyembamba. Nami nitaingiza pia vile vyepesi vya vitufe 61 ambavyo makanisa mengi huvitumia, kama Yamaha za kundi la PSR-E na Casio za kundi la CT-S. Kwa kusema "ala za kompyuta" nakusudia programu kama Kontakt, Pianoteq au Dexed, zinazofunguliwa zenyewe au ndani ya programu ya kurekodi kama FL Studio, na kupigwa kwa kibodi ya midi, yaani kibodi isiyo na sauti yake yenyewe.

Nitavilinganisha kwa vigezo sita: umeme, kuchelewa kwa sauti pamoja na mguso wa vidole, sauti zilizomo, kazi ya studioni, gharama yote kwa jumla, na usafiri pamoja na matengenezo. Sivipi uzito sawa, kwani kwa hapa petu viwili vya mwanzo ndivyo vinavyoamua mambo mengi.

Umeme

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na wapiga muziki waliokulia katika hali hiyo walijifunza kutomwamini mtu anayesema kuwa leo umeme hautakatika. Hali si ile ya zamani, lakini umeme kukatika katikati ya ibada au sherehe bado ni jambo la kupangia.

Kinanda kidogo kina nafuu kubwa hapa. Vingi vya aina nilizozitaja hutumia betri sita ndogo za AA zinazopatikana katika duka lolote la mtaani. Reface huenda takribani saa tano kwa betri hizo, na microKORG huenda takribani saa nne. Kumbuka, hata hivyo, kwamba umeme ukikatika mixa na spika kubwa nazo huzima, kwa hiyo betri peke yake haitakusaidia kama kinanda hakina spika zake. PSR-E na Reface zinazo, na katika kanisa dogo zinatosha kuufikisha wimbo mwisho, ilhali microKORG haina, na mpigaji wake hubaki akibonyeza kimya. Ukitumia betri za kuchaji, soma kwanza kijitabu cha kinanda, kwa sababu volti yake ni 1.2 kwa kila moja badala ya 1.5, na baadhi ya vinanda hutaka uviambie ni betri za aina gani ulizoweka ili kipimo cha chaji kisikudanganye.

Kuna kasoro moja ya vinanda hivi ambayo muuzaji hakuelezi. Yamaha nyingi za PSR-E na zile za Reface hujizima zenyewe zisipoguswa kwa dakika 30 hivi. Mahubiri marefu yakiisha na mchungaji akiomba wimbo, mpigaji hukuta kinanda kimelala, na sauti zote alizozipanga zimerudi mwanzo. Katika PSR-E nyingi utaratibu huo huondolewa kwa kushikilia kitufe cha mwisho upande wa kushoto wakati unawasha. Adapta nayo inahitaji uangalifu, kwa kuwa iliyopotea haibadilishwi na yoyote inayoingia tundu. Kuna zenye chanya katikati ya ncha na zenye hasi katikati, na mchoro mdogo ulio karibu na tundu hukueleza kinanda chako kinataka ipi. Nimeshaona vinanda viwili vikiungua kwa kutotazama mchoro huo.

Ala za kompyuta hazijaachwa mbali kama watu wanavyodhani, kwa sababu kompyuta mpakato ina betri yake. Udhaifu uko pembeni yake. Kadi ya sauti (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) inayopata umeme kupitia waya wa USB huendelea kufanya kazi umeme ukikatika, lakini yenye adapta yake ya ukutani huzima papo hapo, na kompyuta hubaki ikihesabu sauti zisizokwenda popote. Isitoshe, kompyuta nyingi zikitoka kwenye chaja hujipunguzia kasi ili kuhifadhi betri, nazo sauti huanza kukatikakatika hapo hapo, kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya nguvu unapaswa kuwekwa kwenye kiwango cha juu kabla ya kupanda jukwaani. Kinyume chake, kompyuta ikiwa kwenye chaja na wakati huo huo imeunganishwa na mixa, mara nyingi mvumo husikika kwenye spika. Ukichomoa chaja na mvumo ukaisha, umejua chanzo, na kisanduku cha DI, kifaa kidogo cha kuunganishia kinachotenganisha vifaa viwili kiumeme, kikiwekwa kati ya kadi na mixa kwa kawaida hulimaliza tatizo hilo.

Kwa pande zote mbili, hatari kubwa kuliko umeme kukatika ni umeme kurudi kwa kishindo, na radi za masika. Chomoa kila kitu. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi.

Kuchelewa kwa sauti na mguso wa vidole

Kinanda kidogo hulia pale unapobonyeza. Muda unaopita kati ya kidole na sauti ni mfupi kiasi kwamba mpigaji hauhisi, na hakuna mpangilio wa kugusa wala draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kuweka.

Kompyuta hufanya kazi kwa mafungu. Hukusanya sampuli za sauti, yaani vipimo vidogo vidogo vya wimbi lake, katika bafa, kisha huzitoa kwa pamoja, na ukubwa wa bafa ndio unaoamua utasubiri kiasi gani. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni kuchelewa kwa milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1,024 ni 23.2, kabla hujaongeza muda wa kadi yenyewe. Ili upate picha ya tarakimu hizo, sauti husafiri hewani takribani mita 3.4 kwa milisekunde 10, kwa hiyo mpiga gitaa aliyesimama mbali kidogo na spika yake huishi na ucheleweshaji huo kila siku bila kulalamika. Sauti za nyuzi zinazovutwa taratibu husamehe hata milisekunde 20. Sebene haisamehi, kwa maana mpiga kinanda anayejibizana na gitaa la solo kwa noti fupi fupi atajikuta nyuma ya ngoma, atajaribu kuwahi, na bendi nzima itaanza kukimbia bila mtu kujua kwa nini.

Bafa ndogo nayo ina bei yake. Kompyuta dhaifu ikipewa sampuli 128 na ala nzito tatu hushindwa kumaliza hesabu kwa wakati, na sauti hukwaruza. Kwa hiyo kadi ya sauti yenye draiva ya ASIO (njia ya haraka ya programu kuwasiliana na kadi) iliyoandikwa na mtengenezaji wake ni hitaji la lazima kwa anayepiga moja kwa moja kwenye kompyuta ya Windows. ASIO4ALL, draiva ya jumla, husaidia pale ambapo kadi haipo. Spika na vipokea sauti vya Bluetooth havifai kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100.

Upande wa mguso, hata hivyo, mizani huegemea kwenye kompyuta. Vitufe vyembamba vya microKORG na Reface ni vizuri kwa mkono mmoja unaopiga melodi huku mwingine ukigeuza vidhibiti, lakini mtu aliyezoea tenzi za mikono miwili, besi kushoto na sauti tatu kulia, atakwama kwenye vitufe 37 kwa sababu ni oktavu tatu tu. Anayetumia ala za kompyuta huchagua kibodi inayolingana na vidole vyake, iwe ya vitufe 25 ya kubeba begini au ya vitufe 88 vizito kama vya piano, na akiibadilisha kesho sauti zake hubaki zile zile.

Sauti zilizomo

Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ambayo sauti zake za piano ya umeme na kengele zimejaa katika muziki wa miaka ile, leo ipo kama programu ya bure iitwayo Dexed inayoweza kusoma hata mafaili ya sauti za DX7 yenyewe. Reface DX nayo imejengwa juu ya ufundi huo huo uitwao FM, ambao huunda sauti kwa wimbi moja kutikisa jingine. Mwenye masikio ya kawaida, akizisikia zote kupitia spika za ukumbi, hatazitenganisha.

Tofauti za kweli ziko katika upana na idadi. Kinanda kina kile kilichowekwa kiwandani: microKORG hulia noti nne tu kwa pamoja, hivyo mpigaji akibonyeza noti tano kwa mara moja hupoteza moja, Reface CS na DX hulia noti nane, Reface CP na YC hufika 128. PSR-E zina mamia ya sauti pamoja na midundo ya kusindikiza, jambo linalomfaa sana anayepiga peke yake harusini, ingawa prodyuza wengi huidharau. Kompyuta haina ukomo huo, ila ina wake: maktaba moja kubwa ya Kontakt inaweza kula gigabaiti nyingi za diski na za bando, wakati Pianoteq, ambayo hukokotoa sauti ya piano badala ya kucheza rekodi zake, ni makumi ya megabaiti tu na hufaa kompyuta yenye diski ndogo.

Jambo moja huwa nawaonyesha vijana. Kwa programu yoyote inayocheza sauti ulizozirekodi mwenyewe unaweza kurekodi ngoma za Buha, nchi ya Waha, kutoka kwa wapigaji wenyewe, pigo moja moja, kisha ukaziweka kwenye vitufe na kuzipiga kwa vidole. Vinanda vichache vidogo huruhusu kitu kama hicho, na vinavyoruhusu hukupa sekunde chache tu.

Kazi ya studioni

Ukirekodi kinanda kwa waya wa jeki, unapata sauti iliyokamilika. Mwimbaji akirudi kesho na kusema wimbo uko juu mno kwa koo lake, huna budi kupiga upya. Ukirekodi midi, unachohifadhi ni taarifa ya vitufe vilivyobonyezwa na nguvu ya kila pigo, kwa hiyo unaushusha wimbo nusu toni, unasahihisha noti moja iliyoteleza, au unaibadilisha piano kuwa ogani bila kumwita mpigaji. Kwa mwenye kuuza biti kwa wasanii watano tofauti, urahisi huo peke yake unaweza kumaliza mjadala.

Lakini kuna upande wa pili ambao huonekana baada ya miaka. Kazi niliyoifanya kwa ala ya kompyuta, nikiifungua baada ya kubadilisha mashine, hunidai programu ambayo sina tena, na nyimbo zangu mbili zimebaki na ukimya mahali palipokuwa na nyuzi. Kinanda kilekile, kikiwa kizima, hutoa sauti ileile. Dawa ya upande wa kompyuta ni kutoa kila ala kama faili la sauti la WAV mara kazi inapokamilika, na kwa kinanda ni kurekodi jeki na midi kwa wakati mmoja, kwani vinanda karibu vyote vya leo vina njia ya kutolea vyote viwili.

Gharama yote

Sitaandika bei, kwa kuwa ya Kariakoo na ya hapa hazifanani, na ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Nitataja tu vinavyosahaulika. Anayenunua kinanda atahitaji stendi, waya za jeki, pedali, mkoba na betri. PSR-E nyingi hutoa sauti kwa tundu la vipokea sauti, kwa hiyo waya wake si ule wa kawaida wa gitaa. Anayechagua kompyuta na hana kitu chochote atalipia kompyuta, kadi ya sauti, kibodi ya midi, leseni na bando la kupakua, na jumla yake hupita kinanda kwa urahisi. Lakini aliye na kompyuta nzuri tayari anaweza kuanza kwa kibodi ndogo na ala za bure kama Dexed au Surge XT, na hapo hesabu inageuka kabisa. FL Studio nayo hudumu na leseni moja, masasisho ya baadaye yakiwa bure.

Programu zilizovunjwa ulinzi wa leseni zinazozunguka kwenye flashi sizihesabu kuwa ni za bure. Mbali na haki ya waliozitengeneza, ndizo chanzo cha virusi vingi ninavyoviona kwenye kompyuta za wateja wangu.

Kinanda kilichotumika unaweza kukiuza. Baadhi ya leseni huwezi.

Usafiri na matengenezo

Kwaya ya hapa hupanda boti Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao hadi Kagunga, au hupanda vilima vya Kalinzi wakati wa mvua. Reface ina uzito wa kilo 1.9 na microKORG kilo 2.2, PSR-E ni nzito zaidi lakini bado hubebwa begani. Mfuko mzito wa nailoni ndani ya mkoba ni wa lazima ziwani, kwa kila kifaa. Seti ya kompyuta si nzito, ila ni vitu vinne au vitano pamoja na nyaya zake, na kimoja kikisahaulika Kigoma mjini hakuna kitakacholia Kagunga. Reface nayo ina mtego wa namna hiyo, kwa kuwa midi yake ya kawaida hupitia waya maalumu unaokuja nayo sandukuni.

Kuhusu ufundi, mafundi wa kompyuta mjini ni wengi, na diski au betri hubadilishwa siku hiyo hiyo. Fundi wa redio atakuunganishia upya tundu la jeki lililolegea, lakini mpira wa mguso ulio chini ya vitufe ukichakaa, kipuri kitasafiri kutoka Dar es Salaam kwa basi au kwa ile reli ya takribani kilometa 1,250, ukibahatika kukipata huko. Kwa upande mwingine, kinanda huharibika polepole, kitufe kimoja kimoja, na unakuwa na muda wa kujiandaa. Kompyuta huchagua siku. Yangu ilijizima na kuanza kujisasisha Ujiji, bibi harusi akiwa mlangoni, na wageni wakapiga makofi ya mdundo kwa dakika kumi na moja. Kosa lilikuwa langu, kwa maana sikuwa nimeizima intaneti wala kuahirisha masasisho kabla ya kutoka nyumbani.

Mwongozo kwa hali yako

Kwaya au kanisa dogo lenye wapigaji wanaobadilishana litanufaika zaidi na kinanda cha vitufe 61 chenye spika na betri, kwa sababu mpigaji mgeni hukiwasha na kupiga bila kufundishwa. Usinunue cha vitufe 37 kwa kazi hiyo, hata kama kinavutia.

Mtengeneza biti mwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 8 au zaidi aendelee na ala za programu, na fedha aliyokuwa ameitenga kwa kinanda aiweke kwenye kadi ya sauti na spika za kusikilizia. Kama kompyuta ina gigabaiti 4 na huanza kukwaruza kwenye ala ya pili, kinanda kinaweza kuipunguzia mzigo kwa kutoa sauti zake chenyewe.

Mpigaji wa bendi ya sebene, au yeyote anayepiga mapigo makali jukwaani, atafute kinanda kwanza, na akitaka kompyuta aijaribu kwa bafa ya 128 mazoezini wiki nzima kabla ya kuipandisha. Mpenda sauti za sinthesaiza anayefurahia kugeuza vidhibiti akiwa anapiga, na asiyehitaji mikono miwili, ndiye hasa aliyetengenezewa Reface na microKORG.

Studio inayopokea wasanii wa kila aina itaishia kuwa na vyote viwili, ila ianze na kompyuta.

Ukienda dukani, nenda na vipokea sauti vyako vya waya. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja kwa nguvu mbili tofauti, shikilia vidole kumi kwa pamoja, tikisa waya wa jeki ukiwa ndani ya tundu, na mwombe muuzaji akiwashe kwa betri na si kwa adapta pekee.

Na kabla hujatoa shilingi yoyote, geuza kinanda cha zamani kilichopo kanisani au nyumbani na utazame mgongo wake. Kikiwa na tundu la mraba lililoandikwa USB TO HOST, tayari ni kibodi ya midi, na waya wake ni ule ule wa printa.